Sekunde Ishirini kwa Kila Picha

Kijana akinipigia simu kuniuliza afanyeje ili picha zipite zenyewe kwenye kiwambo cha kompyuta wakati haina mtu, huwa nashusha pumzi kwanza. Halafu namuuliza maswali mawili: picha zipi, na mbele ya kiwambo hicho anakaa nani? Wote hunijibu jibu moja. "Picha za kawaida tu, mzee." Hapo simu huwa ndefu, na salio linaloisha ni lake. Kwa hiyo nimeona niandike mara moja, kila mtu asome kwa wakati wake.

Nilistaafu kwa hiari mwaka jana. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kituo kidogo cha utafiti wa bahari hapa Mafia. Kwenye barua ya ajira cheo changu kilichukua mstari mzima. Kwa watu wa Kilindoni nilikuwa "yule wa kompyuta". Nilizaliwa Baleni, kwenye minazi na mihogo, nikasoma mpaka chuo kikuu, nikarudi na shahada pamoja na imani kwamba hakuna kitu kisiwani hapa ambacho mashine isingekihifadhi vizuri kuliko kichwa cha mtu. Shahada bado ninayo.

Mashine yetu kuu ilikuwa kompyuta nzito kama kreti la soda, yenye mfumo wa Unix unaoendeshwa kwa amri za kuandika, tuliyopewa na chuo kimoja cha ng'ambo kilichokuwa kimeichoka. Ilitunza rekodi za samaki wanaoshushwa pwani, saa za maji kujaa na kupwa, na vibali vya wavuvi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mbele. Saida, karani wetu, aliandikia vibali kwenye mashine hiyo hiyo, na kiwambo chake kikubwa kilikuwa ukutani, kikitazamana na benchi la wavuvi wanaosubiri. Likumbukeni benchi hilo. Mimi sikulikumbuka.

Siku moja mkuu wa kituo, Bi Rukia, alirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam ameona jambo. Kwenye ofisi ya watu, kompyuta ikikaa kidogo bila kuguswa, picha za samaki zinaanza kupita. Kamusi inaiita programu hiyo kihifadhi skrini. Sisi tuliiita skrinseva, na nitaendelea hivyo hivyo maana nimezeeka nayo. Bi Rukia aliitaka. Alisema wageni wakija waone tunafanya nini. Nikamuuliza kama ni lazima iwe siku ambayo kweli tunafanya. Akanipa wiki moja.

Nyinyi leo mnaandika mstari mmoja wa amri, mtandao unahangaika kwa niaba yenu, mnakunywa chai. Mashine yetu ilikuwa kuukuu kiasi kwamba hakuna aliyeitengenezea tena programu zilizo tayari. Ilinibidi nichukue msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, na kuijenga skrinseva pale pale, kipande kwa kipande. Nikaupakua kwa bando langu mwenyewe. Ikaniambia haiwezi kujengwa bila maktaba fulani ya kusomea picha. Nikaileta maktaba. Maktaba ikasema haiji bila nduguye wa kubana mafaili. Ndugu akamtaka binamu, tena binamu wa toleo jipya, na binamu alipofika akagombana na programu ya maji kujaa na kupwa, ambayo ndiyo ilikuwa kazi yetu halisi. Ni kama harusi za kwetu: umemwalika mtu mmoja, amekuja na jahazi zima, na wote wanauliza watalala wapi. Siku ya tatu wavuvi walikuja kuuliza maji yanajaa saa ngapi na mashine ikawajibu kwamba kuna faili halipo. Siku ya tano ilijengeka. Sikushangilia. Nilikwenda nje nikasimama kidogo nikiutazama ukuta.

Aliyenifundisha Unix ni Mzee Ngonyani, msimamizi wa maabara ya kompyuta chuoni kwetu, mtu mfupi mwenye rula ndefu. Mwaka wangu wa kwanza nilifuta kazi za darasa zima kwa kuandika amri sahihi mahali pasipo sahihi. Hakunigombeza. Alinituma bwenini, mlango kwa mlango, nikamwambie kila mwenzangu kwa mdomo wangu kwamba kazi yake haipo na aliyeifuta ni mimi. Nilirudi nimekonda. Ndipo akaniambia neno ambalo naliandika hapa ili nanyi mlipuuze kwa hiari yenu: "Kwenye Unix hakuna kitu kilichofanywa na mashine. Kila kitu kimefanywa na mtu fulani. Jua kwanza mkono ni wa nani."

Nililiandika daftarini. Nikalipigia mstari kwa wino mwekundu. Kisha nikaishi miaka ishirini kama mtu asiyejua kusoma.

Sasa nimlete Nahodha Faki, maana bila yeye haya yangekuwa malalamiko ya kiufundi tu. Nahodha Faki ni mvuvi wa mshipi kutoka upande wa Ras Mkumbi. Alikuwa na miamba mitatu ya chini ya maji ambako chewa hukusanyika kutaga, na miamba hiyo alirithi kwa baba yake. Watu wawili tu duniani walijua ilipo: yeye na Hamadi, kaka wa mkewe, aliyevua naye chombo kimoja tangu ujana. Miaka michache kabla ya habari ya skrinseva, watafiti wa kituo walimbembeleza awapeleke. Walitaka kuwahesabu wale chewa. Alikataa, akakataa, mwisho akakubali kwa masharti mawili: picha zisionwe na mvuvi yeyote, na zisivuke maji kwenda bara.

Mpiga picha wa watafiti aliugua siku hiyo, wakanikabidhi kamera mimi. Mtoto wa Baleni, wa minazi. Nilipiga picha za samaki waliopandishwa, kisha nikapiga za pande zote za upeo wa macho ili tukumbuke mahali, na muda uliobaki niliutumia kutapika.

Tuliporudi nilifanya kazi niliyojivunia. Kamera hujiandikia ndani ya kila picha namba za mahali ilipopigwa. Nilizifuta zote, picha moja moja. Nikaziweka picha katika folda, nikaifunga ili ifunguke kwa akaunti yangu peke yake. Nikamweleza Nahodha Faki kwa fahari kwamba hata mkuu wangu hawezi kuzifungua.

"Mimi sikukuuliza mkuu wako," alisema. "Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Hapa inanibidi nitaje uvivu wangu, na nautaja kwa mpangilio kwa sababu ndio ninyi mtakaourithi. Kwanza, nilichoka kuitafuta folda ile kila watafiti walipotaka hesabu, nikatengeneza njia ya mkato na kuiweka ndani ya folda kubwa ya picha za ofisi. Nikaiita aa-faki, iwe ya kwanza kwenye orodha. Asiye na akaunti yangu angebonyeza mpaka kesho, isingefunguka. Pili, nilichoka kuitwa na Saida kila asubuhi niingize nywila. Aliwahi kunipigia simu nikiwa natia udhu. Basi nikaipanga mashine, ikiwashwa tu, iingie yenyewe kwa akaunti yangu. Kila mtu ofisini akawa anafanya kazi ndani ya jina langu kama watu waliovaa kanzu moja kwa zamu.

Skrinseva ilipokuwa tayari niliielekeza kwenye folda kubwa ya picha za ofisi. Mashine ikikaa dakika tano bila kuguswa, picha zianze. Kila picha sekunde tano. Zije kwa kuchanganywa. Zikuzwe na kusogezwa polepole, kama kamera inayotembea, maana Bi Rukia alikuwa ameona hivyo huko Dar. Na mtu akiigusa, idai nywila, kwa usalama, na nywila hiyo nikampa Saida. Naomba mlizingatie hilo neno usalama.

Ilipendwa. Papa potwe akafungua kinywa ukutani, kasa akapita, Bi Rukia akapita amevaa jaketi la kuokolea. Saida alisema hicho ndicho kitu cha kwanza nilichotengeneza ambacho yeye anakiona.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Sudi. Sudi alikuwa nahodha wa dago, yaani kambi ya msimu ya wavuvi wanaotoka wilaya nyingine za pwani. Mtu mcheshi, mwenye nyavu kubwa na watu wengi, aliyekuja ofisini kwa mambo ya vibali. Alikuwa na namna ya kukaa kwenye benchi kana kwamba amekuja kwa shemeji yake.

"Fundi," aliniambia siku ya kwanza, "picha zako nzuri, lakini zinakimbia kama zimeiba. Mtu hajatia jicho, imekwenda."

Nikacheka. Mipangilio ya skrinseva hukaa kwenye faili ambalo jina lake huanza na nukta, lisionekane ovyo. Nikalifungua mbele yake, nikageuza sekunde tano kuwa ishirini. Siku ya pili akalalamika kwamba picha zinakatwa pembeni, mtu kapigwa picha na sikio halipo. Ni kweli, kule kukuza kulikuwa kunakata kingo. Nikazima huko kukuza, kila picha ikakaa nzima. Siku ya tatu akasema zinavyochanganyika anapoteza hamu. Jana ameona kitu, leo amekisubiri hakijarudi.

"Kitu gani?" nikamuuliza.

"Yule papa potwe, fundi. Yule wa kinywa."

Nikaondoa kuchanganya. Tangu siku hiyo picha zikawa zinakuja kwa mpangilio wa majina ya folda, kuanzia herufi ya kwanza.

Jamani, zaidi ya miaka ishirini ya kazi, na hakuna binadamu aliyewahi kuvutiwa na mipangilio yangu namna ile. Watu huja kwa fundi wa kompyuta wakiwa na hasira, huondoka bila kuaga. Huyu alikuja kila asubuhi, akasifu, akashauri, na ushauri wake ulikuwa wa maana. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mke wangu kwamba kuna wavuvi wenye jicho la kisanii. Mke wangu akauliza huyo mvuvi haendi baharini? Nikamwambia yeye haelewi mambo ya picha.

Mwezi huo huo Kilindoni palizagaa habari ya Nahodha Faki. Alikuta vyombo vya wageni juu ya mwamba wake mmoja, nyavu zimezungushwa. Waliojua kuufikia mwamba ule ni wawili, maana sisi wa kituo bila yeye tusingeweza kurudi, na yeye hakusema. Basi aliyesema ni Hamadi. Alimshusha chomboni. Mke wake akawa anapika kimya, kaka upande huu, mume upande huu. Niliisikia habari hiyo sokoni nikasikitika sana. Nilirudi ofisini nikamwambia Saida, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba binadamu si wa kutunza siri, afadhali mashine.

Siku chache baadaye Nahodha Faki alikuja mwenyewe kufuata leseni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, msomi, akakaa kwenye benchi. Sudi alikuwa amekaa upande wa pili. Saida alikuwa ametoka kutafuta mhuri. Mashine ikakaa dakika tano bila kuguswa, na picha zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa bahari. Mbali, mnara wa taa wa Ras Mkumbi, umesimama sawasawa juu ya pengo la katikati ya mivinje. Picha hiyo nilikuwa nimeiona mara nyingi na kuiona haina maana, nusu yake maji. Ya pili ilitazama upande mwingine: paa la bati jeupe, na nyuma yake mnazi uliopinda. Nayo haikuwa na maana kwangu. Mnaojua kuvua mmeshaelewa. Kwa asiyejua: mvuvi wa kwetu hauoni mwamba, uko chini ya maji. Anachoshika ni alama za nchi kavu. Mnara uwe juu ya lile pengo, hiyo njia moja. Mnazi uchungulie nyuma ya lile paa, hiyo njia ya pili. Zinapokutana, tia nanga. Nilikuwa nimezifuta namba zote kwa uangalifu mkubwa, nikaacha anwani yenyewe ukutani, sekunde ishirini, bila kukatwa pembeni, kwa mpangilio.

Nahodha Faki aliitazama ya kwanza mpaka ikaondoka. Akaitazama ya pili. Kisha akageuka akamtazama Sudi, na Sudi alikuwa anatazama sakafu.

"Zima," akaniambia.

Niliruka kwenye kibodi. Kidirisha cha nywila kikatokea katikati ya kiwambo, na nyuma yake picha ikaganda pale pale, mnazi na paa lake. Nikaandika nywila, nikakosea. Nikaandika tena, nikakosea. Unix humwadhibu mkosaji kwa kumsubirisha. Tukasubiri wote, mimi, Nahodha, Sudi na ule mnazi. Mara ya nne ikakubali.

"Ile folda nani kaifungua?" Nahodha Faki aliuliza.

"Hakuna, Nahodha. Ni skrinseva. Inafungua yenyewe."

Nilipolisema hilo nilisikia rula ya Mzee Ngonyani mezani. Vijana wangu, shikeni hili hata kama mtasahau mengine yote: programu haina mkono wake. Inafanya kila ambacho aliyeiwasha anaruhusiwa kufanya. Mashine iliamka kila asubuhi ikiwa mimi. Skrinseva iliwashwa na mimi. Ilikuta njia ya mkato niliyoiweka mimi, ikafika kwenye mlango uliofungwa asiingie mtu isipokuwa mimi, ikaingia. Haikuvunja kitu. Kufuli lilifanya kazi yake kwa uaminifu wote.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeifungua mimi."

Sudi ndiye aliyefuata kusema. "Nahodha, mimi sikukufuata baharini. Kitu kimetundikwa ofisini, mchana kweupe. Na fundi akanipunguzia mwendo."

Nahodha Faki aliinuka. Akaokota kofia yake. "Nimemshusha Hamadi chomboni kwa ajili ya hii," alisema, na akatoka bila leseni.

Nilimfuata mpaka nje. Msiniulize kwa nini, lakini nilianza kumweleza kwamba namba za mahali nilizifuta zote, kila picha, nilihakikisha mara mbili. Alisimama.

"Namba za nini, msomi? Mnara huo ukutani kwako."

Kulikuwa na bahati moja tu, na sikuitengeneza mimi. Folda ile ilianza na picha za mwamba wa kwanza, na zilikuwa nyingi. Kuzimaliza kungehitaji zaidi ya robo saa. Saida hakuwahi kuiacha mashine muda wote huo. Kila alipoigusa, picha zilianza upya. Kwa hiyo Sudi aliuona mwamba wa kwanza mpaka akaujua kama chumba chake, lakini wa pili na wa tatu hakuifikia. Kituo chetu kiliokolewa na wingi wa vibali.

Nilikwenda kwa Nahodha Faki siku ya tatu, kwa pikipiki, barabara yote nikipanga maneno. Nilimkuta anakunja mshipi peke yake, na Hamadi hakuwapo. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Mwamba wa kwanza alikuwa ametoka kuupima: chewa wawili, wadogo, wa kuonea haya. Maneno niliyoyapanga sikuyatumia. Nilimwambia miamba miwili haijaonekana. Akaniambia nizifute picha zote, za miamba yote.

Bi Rukia alitaka barua, nikaandika. Akataka sababu ndani ya barua, nikaandika ya pili, na sababu ilikuwa jina langu. Akasaini bila kunitazama. Nikafuta folda, nikafuta njia ya mkato, nikafuta kwenye diski ya akiba, nikaiondoa mashine kwenye akaunti yangu, nikaitengenezea skrinseva akaunti yake yenyewe isiyoruhusiwa kufungua chochote isipokuwa ile folda kubwa ya picha za ofisi. Kazi ya saa moja. Ningeweza kuifanya siku ya kwanza. Kisha nikampigia Nahodha Faki nikamwambia zimefutika.

"Nitajuaje?"

Nikafikiri. Mtu husomea kompyuta miaka mingi na hafundishwi namna ya kumwonyesha mwenzake kitu ambacho hakipo. Nikaanza kumweleza habari ya orodha za mafaili, akanikata. Akasema atakuja Jumatatu, na nisiguse chochote.

Jumatatu saa mbili asubuhi walifika wawili, yeye na Hamadi. Wameingia mlango mmoja lakini si pamoja. Wakakaa kwenye benchi, mmoja huku, mmoja kule, katikati nafasi ya watu watatu. Nahodha Faki akasema Hamadi ndiye aliyesingiziwa, kwa hiyo Hamadi ndiye shahidi. Wataangalia picha zote zilizomo kwenye mashine, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Nikawaambia ni zaidi ya elfu moja. Kwa sekunde ishirini kila moja, tutafika alasiri. Nikajitolea kurudisha sekunde tano, tumalize mapema.

"Mgeni ulimpunguzia," Nahodha Faki alisema. "Mimi unanikimbizia?"

Basi tukakaa. Skrinseva haina namna ya kusimama kidogo na kuendelea. Ukiigusa, inaanza mwanzo. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuikaribia. Saida aliandika vibali kwa mkono, kwa kalamu, akinitazama kila anapomaliza kimoja. Wavuvi walioingia walikaa katikati ya benchi, wakatazama nao, wakachoka, wakaondoka. Papa potwe mia na ushei. Kasa. Mwani unaanikwa. Mikoko ya Chole. Bi Rukia na jaketi, Bi Rukia bila jaketi. Saa nne umeme ukakatika, betri ya akiba ikaanza kupiga kelele, nikasoma kila dua niliyofundishwa utotoni mpaka uliporudi. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Nahodha Faki alisema lazima abaki mtu wa kutazama. Akamchagua Saida. Mimi alinichukua msikitini, akaniweka safu moja naye, begani kwake, nisije nikabaki peke yangu na mashine.

Kwenye saa tisa zikaingia picha za folda ya mwisho, iliyoitwa ziada, ambamo watafiti walikuwa wakitupia kila kisichokuwa na mahali. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo ikatokea.

Niliitambua kabla haijakaa sawa. Ni chombo cha Nahodha Faki. Ni siku ile ile, juu ya mwamba wa pili. Kuna wakati mtafiti alininyang'anya kamera nilipozidiwa akampa Nahodha aishike, naye akabonyeza. Picha hiyo sikuijua kwamba ipo. Haikuwa kwenye folda yake. Nilikuwa nimeapa zimekwisha, na hii hapa ukutani, bahari, ufuko, mivinje.

Sekunde ishirini ni nyingi. Sikuweza kuigusa mashine na sikuweza kumtazama mtu. Nilimsikia Nahodha Faki akisogea mbele kwenye benchi, na Hamadi naye akisogea. Wakaitazama kama wanavyotazama pwani, kutoka kushoto kwenda kulia.

Katikati ya picha nilikuwa mimi. Nimeinamia ubavuni mwa chombo, shati limepanda, natapika, mgongo wangu umejaa kiwambo kizima.

Hamadi ndiye aliyeanza kucheka. Alijizuia, ikashindikana. Nahodha Faki akamgeukia, na nikaona bega lake linatikisika. Na wale watu wawili, ambao hawakusemezana tangu asubuhi, walicheka mpaka Hamadi akamshika mwenzake mkono asianguke.

Picha ikaondoka. Zilibaki chache, za mwani, wakazitazama zote mpaka ya mwisho. Wakainuka pamoja. Nikamwambia Nahodha Faki kwamba ile moja naifuta sasa hivi mbele yake, anisamehe, sikuijua.

"Ile iache," alisema. "Mgongo wako umeziba mnara."